Nyumba ya Lando Hewa Haikuwa Tupu

Jina lake ni Kiprop, lakini hapa Doha ukiulizia Kiprop watu watakuangalia tu. Uliza Lando Hewa.

Ilianzia kanisani huku Mesaimeer, Ijumaa moja, maana hapa ndiyo siku yetu ya ibada, wakati wa maombi. Watu wanasimama wanataja shida zao: huyu visa, yule mgongo. Jamaa yetu akasimama na suti yake, sauti nzito kama ya askofu: "Ndugu zangu, niombeeni nipate mpangaji." Alikuwa amejenga nyumba Eldoret, rangi mpya, kibao cha kukodisha kiko getini, na hakuna mtu ameingia. Shiru wa kwaya, ambaye mdomo wake hauna breki, akanong'ona hadi watu wa viti vya nyuma wakasikia: "Kumbe tuna lando hewa." Kwetu Kenya mfanyakazi hewa ni yule analipwa na hayuko. Huyu lando, yaani mwenye nyumba, yuko, wapangaji ndio hewa. Kabla tupande basi, jina lilikuwa limeshika. Mimi naishi naye chumba kimoja na nilisevu namba yake hivyo.

Mwenyewe alicheka. Hata alimpigia mamake akamsimulia.

Kiprop ni mtu wa kompyuta kwa hoteli moja pale The Pearl. Kabla ya hapo alikaa Toulouse, Ufaransa, miaka mingi na bibi yake Melissa, msichana wa Nakuru. Kazi ikaisha, akaja huku, Melissa na mtoto wakabaki. Kwa sababu familia iko kule, Wafaransa bado wanamhesabu kama wao, na kila mwaka lazima awatangazie mapato yake, hadi ya nyumba ya Eldoret. Sisi tusiokatwa ushuru hapa tulimsumbua sana.

"Lando, na kuku wa mamako umewaandika?"

"Wewe ndio nimekuandika. Mtu mzima anayenitegemea kwa sabuni."

Halafu mwaka jana mamake akagonjeka figo. Kijijini hospitali ni mbali, kwa hivyo Kiprop akamhamishia kwa ile nyumba ya Eldoret, na dadake Chebet akaenda kumtunza. Ilikuwa ya muda tu. Mama akafia hapo kabla ya Krismasi. Kiprop alipata ruhusa akafika siku ya mazishi, begi bado begani.

Msimu wa ushuru ukafika. Alikuwa anapiga shati pasi, simu iko kwa spika, mimi nimelala nikitazama mpira.

"Kip," Melissa akasema, "mhasibu anasema gharama ya paa na tangi tuliyoweka mwaka jana inahesabiwa hasara, inaweza kutupunguzia ushuru. Lakini lazima nyumba iwe ilikuwa na mpangaji, ama tulikuwa tunatafuta. Kama ni familia inakaa bure, hatupati kitu."

"Mama alikuwa ndani."

"Najua. Lakini kibao kilikuwa getini, si kilikuwa? Kip, huyu mtoto anataka kubadilishiwa shule, na huku niko peke yangu."

Akazima pasi. "Wacha niulize Chebet."

Akampigia, simu bado kwa spika. Chebet hakuzungusha. "Kibao kilikuwa. Nilitaka kukitoa, Mama akakataa."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanakuja kuona nyumba. Anaamka, anajifunga leso, anawazungusha. Jikoni, choo, hadi chumba alichokuwa analala. Anawaambia yeye ni wa kutunza nyumba tu, wakilipa leo kesho anatoka."

"Na ulikuwa unamwangalia tu?"

"Ningefanya nini? Siku nyingine ametoka kusafishwa damu, anashika ukuta, bado anawasifia maji hayakatiki. Alisema wanakucheka huko Doha juu ya hii nyumba, na ni yeye amekalia nafasi ya mpangaji."

Kiprop akakaa kitandani juu ya shati lililopigwa pasi. Mpira uliendelea, na hadi leo sijui nani alishinda.

Baadaye akampigia Melissa tena. "Andika mama yangu alikuwa anaishi hapo."

"Kip, basi hiyo hasara imeenda yote."

"Iende. Mambo ya shule nitaomba shifti za wikendi. Lakini siwezi kuambia serikali nilikuwa natafuta mtu wa kuingia, na yeye alikuwa amelala mle."

Akamweleza alichosema Chebet.

"Hadi chumba chake aliwaonyesha?" Melissa akauliza.

"Hadi chumba chake."

Tukasikia analia. Kisha akasema, "Sawa. Nitaandika aliishi hapo."

Sasa nyinyi mliojenga nyumbani na mko mbali, nataka kusikia. Nani analala kwa hiyo nyumba yako, na mara ya mwisho mlipoongea juu ya nyumba ulimwambia nini? Niandikieni hapo chini, hata kama ni mistari miwili. Leo simcheki mtu.