Kusindikiza Wageni

Mwaka wangu wa pili wa kujitolea kwenye simu ya msaada kwa waliobakwa, nilikuwa nimechoka kiasi cha kuwachukia watu ambao sijawahi hata kuwaona. Tulipokelea simu katika chumba kimoja pale Emali, nyuma ya duka la mabati na saruji, na kila lori likipita barabara ya Mombasa vioo vilitetemeka. Watu hudhani simu hizi hupigwa usiku. La. Wengi hupiga mchana, wamejificha chooni au shambani, wakinong'ona.

Ijumaa hiyo asubuhi alipiga mwanamke aliyeolewa upande wa Zombe. Mumewe alikuwa kazini Nairobi. Jumanne jioni shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimbaka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alimwambia mama mkwe usiku uleule. Mama mkwe akampashia maji ya kuoga, akafua nguo zote kwa mikono yake, akasema hayo ni mambo ya nyumbani na Mungu atayamaliza.

"Sasa ameita wamama wa church," aliniambia. "Amewaambia niko na malaria. Wako kwa nyumba wanaomba. Mimi niko jikoni nawachemshia chai."

Nilimweleza kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla siku tatu hazijaisha, na zake tatu zilikuwa zinaisha jioni hiyo. Kuoga hakumnyimi dawa. Aende hivyo hivyo. Hospitali yenye dawa hizo ilikuwepo, ila ni mwendo mrefu kwa bodaboda. Nikamuuliza kama anaweza kuondoka sasa hivi.

"Na wageni?" akauliza.

Mtu wa mbali angecheka. Mimi nimezaliwa Ukambani, sikucheka. Mke wa boma haachi wageni na sufuria ikiwa motoni, tena mama mkwe akimtazama. Angerudishwa kabla hajafika getini. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mkwe awezaye kulikataza: mgeni akiondoka, husindikizwa.

"Wape chai," nikamwambia. "Wakimaliza, wasindikize mpaka barabarani. Ukifika hapo, panda boda. Usirudi."

"Hiyo naweza," akasema, akakata simu.

Shida ni kwamba mimi pia ni wa kanisa la namna hiyo, na najua maombi ya akina mama yanavyorefuka. Mmoja huanza na mvua, wa pili akawachukua watoto walio shuleni, wa tatu akaiombea serikali, na kabla hamjasema amina mwingine ameshapata wimbo. Niliwakasirikia kwelikweli. Singeweza kumpigia, maana simu ingelia mbele ya mkwe. Wengine wakapiga, nikawahudumia kwa ile sauti ya upole ambayo siku hizi naivaa kama sare, na moyo wangu uko Zombe.

Alipiga tena alasiri, analia, nikadhani tumechelewa.

Wageni walikuwa wamekataa kusindikizwa. Walimwambia, kwa upendo kabisa, kwamba yeye ni mgonjwa, alale. Mama mkwe akadakia: ndiyo, alale. Wakatoka. Alisimama mlangoni akiangalia migongo yao, kisha akamkimbilia kiongozi wao, mama mzee, akamshika mkono na kumwambia mbele ya wote kwamba si malaria. Akamtaja shemeji yake kwa jina.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Aliniambia nilete sweta. Tuko na yeye hapa hospitali. Nimemeza ya kwanza."

Niliinamisha kichwa juu ya meza. Sikuweza hata kufurahi. Kesho kulikuwa na mume wa kuambiwa, polisi, na wazee wa ukoo wenye mbuzi wao wa kuomba yaishe. Mwenzangu wa zamu iliyofuata alikuwa ameshaingia, anangoja kiti. Nilitaka kwenda kulala, basi.

"Huyu mama anataka kukusalimia," yule dada akasema, na kabla sijapata kisingizio sauti ya kizee ikaingia. Bwana asifiwe. Nikaitikia. Akanishukuru kwa niaba ya kikundi. Kisha nikasikia akitembea, na kelele za hospitali zikibaki nyuma.

"Mwanangu," akasema, "na kama ilifanyika zamani? Mtu akiwa msichana, hata hajaolewa. Bado mnasikiza?"

"Tunasikiliza, mwaitu," nikamjibu, kama ninavyomwita mama yangu.

"Huyo mtu hajawahi ambia mtu yeyote."

Nikamwashiria mwenzangu angoje.

"Nilikuwa nimetumwa maji," akaanza.