Injini ya Lori Iliyonishinda Mbele ya Min Akinyi

Leo nimeaibika ndani ya boma langu mwenyewe, hapa Kendu Bay.

Mnajua nilinunua injini ya lori, dizeli, ya mitumba. Nilitaka kuifungua na kuijenga upya mwenyewe nyumbani. Video nimetazama mwezi mzima, jamani.

Asubuhi nikashika spana ndefu niizungushe kwanza. Haisongi. Nikavuta mpaka mgongo ukalia. Nikamwambia mke wangu, "Hii imekwama. Leta nyundo kubwa."

Nyundo! Kwa injini nzima!

Jirani yetu Min Akinyi, yaani Mama Akinyi, mwenye kinu cha posho cha dizeli, akachungulia.

"Umetoa nozo?"

"Za nini?"

Akapiga magoti, akafungua nozo zote sita, zile za kupulizia dizeli. Kisha akachukua spana yangu na kuzungusha injini kwa mkono mmoja, kama anakoroga uji.

"Ilikuwa imefungia hewa ndani ya silinda tu. Kwani mwalimu, shuleni unafundisha nini?"

Mke wangu ndiye aliyejibu.

"Fizikia."

Min Akinyi alicheka mpaka akakalia tairi.

Chekeni pia. Lakini kinu chake kiko njia ya shule, na wanafunzi wangu husaga mahindi hapo. Kesho nipitie wapi?