Kofi la Welkam

Mwenzangu, na mvi zangu hizi, juzi nimeropoka neno kule kwetu Mabawa, Tanga, mpaka sasa uso umenishuka. Tulikuwa na msiba wa bibi yangu, yeye aliyenilea. Jirani yake wa miaka yote alipotoka chumbani walikomwoshea, mikono ingali inanukia kafuri, nilimkimbilia nikamshika nikamwambia, "Ahsante sana, mama mdogo." Alivyonitazama! Alichonijibu nitakwambia, lakini ngoja kwanza nikurudishe utotoni, maana kosa hili nilishalifanya katika ua ule ule, na nikakiona cha moto.

Bibi alikuwa mwosha maiti wa mtaa. Akiitwa, anaacha mbaazi zake za nazi jikoni zinachemka, anachukua kikapu chake chenye kafuri, pamba na kipande cha sabuni. Kazi yangu ilikuwa kuchuma majani ya mkunazi nyuma ya nyumba na kuyatwanga, kwani maji ya kuoshea hutiwa majani hayo. Nilitwanga kwa maringo, kinu kilie mpaka mtaa wa pili wajue kwamba mimi nami nimo.

Mwaka huo shuleni tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, kijana wa Kilutheri kutoka Amani, kule milimani kwenye baridi, mtu wa kuvaa sweta katika joto lote lile la Tanga. Alitufundisha kwamba Mwingereza akishukuriwa hakai kimya, hujibu "yu a welkam". Akatueleza na asili yake. Zamani sana, alisema, neno hilo aliambiwa mgeni akiwa mlangoni, ajue kwamba kuja kwake kumefurahiwa. Kujibia shukrani kwa neno hilo ni jambo lililokuja baadaye. Tuliliimba darasa zima, na asiyelijibu alikula fimbo. Mimi likaniingia kichwani. Wiki nzima nilizunguka mtaani nikitafuta wa kunishukuru, hata nikambebea muuza mihogo ndoo yake ya maji ili tu aseme ahsante. Bibi nilimchosha nalo mpaka akalijua.

Basi mama yake jirani huyo akafa. Jirani alikuwa bado mwanamke kijana, ndiyo kwanza amehamia kutoka Pemba na mama yake mgonjwa, ndugu zao wote wako ng'ambo. Mtaani waliitwa "wale Wapemba", basi, jina lao hata hukulisikia. Bibi alikwenda kumwosha yule mama kama alivyowaosha wengine, nami nikatwanga majani yangu. Matanga yalipokwisha, jirani alikuja kwetu na mkate wa kumimina, wa moto, hiliki inanukia ua mzima. Alipiga magoti mbele ya bibi, akasema, "Ahsanteni, mama. Mmenistiri, na mimi mgeni."

Bibi hajafungua mdomo, mimi huyo, kifua mbele: "Yu a welkam!"

Kofi lilikuja sikuona lilikotokea. Bibi hakuwahi kunipiga kabla ya siku ile, wala hakunipiga tena baadaye. Nilipigwa na bumbuwazi hata kulia nikasahau. Jirani naye alishtuka, akanivuta kifuani pake, akamwomba bibi anisamehe kwa kuwa mtoto hajui.

"Umeipokea ahsante yake," bibi akaniambia, sauti ya chini kabisa. "Nani kakwambia uipokee? Mtu akimwosha wake, hashukuriwi. Yule alikuwa maiti wetu." Kisha akamgeukia jirani. "Na wewe usirudie. Hapa huna ugeni."

Walilia wote wawili, tukala mkate ule sahani moja, mimi na shavu langu linawaka. Kuanzia hapo jirani akawa mama mdogo, na ole wake aliyemwita Mpemba mbele ya bibi.

Sasa nirudie ya juzi. Nimekaa Dar miaka na miaka, kazini nashukuriwa kwa kila kitu na kila anayenishukuru namjibu welkam bila hata kumtazama usoni. Mabawa nafika Idi hadi Idi, nikikosa natuma salamu. Mama mdogo ndiye aliyemuuguza bibi, akamlisha, akamgeuza kitandani, na juzi akamwosha. Ndipo mimi nikamwambia ahsante.

"Unanishukuru mimi?" akasema. "Kwani nimemwosha mama wa nani?"

Niliinamisha kichwa nikingoja kofi, na wallahi nililitamani. Mkunazi umeshakatwa, kinu sijui kimechukuliwa na nani, na mwenye haki ya kunipiga ndiye aliyekuwa ndani amelala kwenye sanda.

Mama mdogo hakunipiga. Alinishika mkono taratibu, akanikalisha kwenye mkeka mpya, akaniuliza habari za safari. Kisha akaingia ndani na kuniletea chai, katika vile vikombe ambavyo bibi aliviweka kabatini kwa ajili ya wageni.