Makaa ya Ngaka yalivyokuwa "yakipata moto" kila Jumapili wakati wa misa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, sijatia chumvi hata chembe.

Nilikuwa fundi wa vipimo kwenye yadi ya makaa ya mawe kule Ngaka, miaka ile wawekezaji wanamiminika. Makaa yakirundikwa muda mrefu hupata joto ndani kwa ndani, mwisho yanawaka. Kwa hiyo nilifukia faiba, ule uzi mwembamba wa kioo, chini ya lundo. Mwanga unapita humo, laptop inasoma joto.

Shida ikaja Jumapili. Saa nne asubuhi joto linapaa, alamu inalia, tunafukua jasho likitutoka... makaa baridiii!

Jumapili tatu mfululizo.

Bosi wetu, mgeni kutoka mkoa mwingine, akanicheka mbele za watu: "Fundi, makaa yako nayo yanasali?" Kisha akanuna. Akasema ikijirudia Jumapili ijayo, faiba inang'olewa na mimi nafungasha. Iliniuma, jamani.

Nikakaa nikawaza. Saa nne... si misa ya pili hiyo!

Madereva wetu wengi ni Wamatengo, wenyeji wa huko, na Mmatengo hata awe na haraka vipi, misa haikosi. Wanapanga malori yenye shehena ukingoni mwa lundo, juu ya faiba yangu, wanakwenda kanisani. Faiba ikikandamizwa inavutika, laptop inadhani ni joto. Chuo nilifundishwa, nikasahau. Mjinga mimi!

Nikachukua faiba nyingine, nikailaza ikiwa imelegea ndani ya bomba gumu la chuma, nikaifukia pembeni ya ile ya kwanza. Hiyo haikandamizwi na kitu, inahisi joto tu.

Jumapili, bosi huyo kasimama, mikono kiunoni. Faiba ya kwanza ikapaa. Ya bombani, kimya.

Misa ilipotoka nikamkimbilia Mzee Ndunguru, dereva mkongwe.

"Shikamoo mzee. Naomba usogeze lori."

"Marahaba. Nimekosa nini tena, mwanangu?"

Akasogeza, namba ikashuka. La pili likatoka, ikashuka tena. Nilipiga yowe, wakuu! Bosi akakodolea laptop, kisha akasema faiba ibaki, na mimi nibaki.

Miezi miwili baadaye, Jumatano, ukingoni hakuna hata lori moja, faiba zote mbili zikapaa pamoja.

Bosi alikamata koleo mwenyewe. Tukafukua, moshi huo! Tukauwahi, lundo zima likapona.

Nilichojifunza: kabla hujaamini kipimo wala kukitukana, angalia nini kingine kinakigusa.

Mafundi wenzangu, nani kashawahi kuumbuliwa na kipimo chake? Tiririkeni hapa. Mzee Ndunguru anasema kazi yangu iliokolewa na misa ya pili, na mimi simbishii.