Mdomo wa Saksafoni ya Ami

Mpira mgumu ukimwagiwa maji ya moto hutoa harufu ya yai viza. Niliinusa juzi kwenye karakana ya vyombo vya muziki ninakofagia siku hizi, baada ya kufagia kwingi kwingineko, ikanibidi nitoke nikakae kibarazani. Nyinyi nitakuambieni kwa nini.

Nilikuwa binti wa miaka tisa, mjini Ibra, nyumbani kwa Ami Nassor, ndugu yake baba. Alikuwa amestaafu bendi ya jeshi, lakini magwaride hakuyapenda. Alipenda bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani aliojifunza kwenye kanda, na kila baada ya sala ya alasiri alimpigia mkewe, Bi Zuwena, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Shaba ya saksafoni ilikuwa imechujuka. Alichokienzi Ami ni mdomo wake, kile kipande cheusi cha mpira mgumu kinachofungwa mwanzi mwembamba. Aliununua safarini kwa mpigaji mzee, akauhifadhi ndani ya hariri. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, kama mtu anayelia huku anasimulia.

"Nassor, huyo ng'ombe wako kashazaa au bado?" Bibi, mama yake Ami, akilalama, na Bi Zuwena akicheka mpaka anakohoa.

Siku Bi Zuwena aliporudi kutoka hospitali, nesi alituonya: kila kinachomkaribia mgonjwa kioshwe kwa maji ya moto, mwili wake hauwezi tena kupigana na maradhi. Nikaosha vikombe, nikaosha vijiko, nikaosha hata tasbihi. Kisha nikakumbuka mate ya Ami. Alipokwenda msikitini adhuhuri, nikautia ule mdomo kwenye bakuli nikaumiminia birika zima.

Ukageuka rangi ya kijani cha matope. Ukanuka. Na ncha yake ikapinda, kidogo tu. Nikaurudisha kwenye hariri.

Alasiri Ami alipopuliza, ulitoka upepo mtupu. Akaufungua, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kaugusa huu?"

Nilikuwa mlangoni.

"Mie," akasema Bi Zuwena. "Nimeuosha mie. Nesi si kasema?"

Ami akamtazama, kisha akauviringisha mdomo ndani ya hariri. "Umefanya vyema, bibie."

Akanunua mwingine Maskati, wa plastiki. Bi Zuwena alisikiliza amefumba macho. "Mbuzi wa soko la Sinaw," akasema, "tena hana mnunuzi!" Tukacheka sote, mimi kuliko wote. Ami akaagiza ng'ambo mdomo wa zamani kama ule wa kwanza. Ulipofika, tulikuwa tumeshamzika Bi Zuwena na kumsomea khitma. Hakulifungua boksi.

Nilidhani nimenusurika. Niliacha shule mapema, nikatangatanga nchi za watu, na kila mpigaji niliyekutana naye nilimuuliza sauti hukaa wapi. Fundi wangu ndiye aliyenionyesha: kati ya mwanzi na ncha ya mdomo pana uwazi mwembamba kama ukucha. Ukiharibika huo, hakuna kifua kitakachousaidia.

Lakini hilo silo lililonipeleka kibarazani. Harufu ile ilinikumbusha kwamba Bi Zuwena siku zile hakuweza kunyanyua kikombe. Ami ndiye aliyemnywesha chai. Jiko lilikuwa ng'ambo ya ua. Bi Zuwena alipojitwika kosa lile, Ami alijua papo hapo kwamba anaongopa, na kwa ajili ya nani. Akaona mkewe ana jambo moja tu analomwomba, mtoto asikaripiwe, akampa, ingawa kosa lenyewe lilikuwa limemgharimu wimbo wa mwisho ambao angempigia kwa sauti ile ya zamani.

Nikimpigia Ami simu mpaka leo, huniuliza, "Umekula, mwanangu?" Nafungua kinywa nimwambie ya bakuli lile. Kisha nasema nimekula.