Pikipiki Chini ya Turubai

Bado naikumbuka siku niliyotoka kwenye chumba cha mtihani nikiwa nimeshika mfupa wa binadamu, wala sijui kwamba nimeushika. Mlinzi wa kitivo alinikimbilia uani akipiga kelele, wanafunzi wenzangu wakacheka, nami nikamrudishia. Cheka na wewe, mwanangu Zuhura, mjukuu wangu. Mimi siku ile sikucheka. Niliogopa.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari pale chuoni Kamenge. Baba yangu alikwisha kufariki, na aliyenilea ni mdogo wake, baba mdogo Rajabu, fundi wa magari hapa hapa mtaani kwetu Buyenzi. Mtu mwema sana, ila alipenda makubwa mbele za watu. Siku ya Idi, nyumba imejaa jamaa na majirani, alisimama akatangaza kwamba nikipita kwa alama za juu atanipa pikipiki mpya. Vigelegele vikapigwa. Kesho yake pikipiki ikaletwa kweli, ikasimamishwa uani na kufunikwa turubai la bluu, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

Mwanzoni nilifurahi, kwa nini nikudanganye? Nilisoma kwa bidii zote. Lakini kila nilipotoka kwenda kunawa, turubai lilikuwa pale. Majirani wakaacha kunisalimu, wakawa wananiuliza tu, "Dokta, piki itatoka lini?" Muuza sambusa aliuliza, na hata msikitini niliulizwa. Taratibu nikagundua kwamba nafungua kitabu na sisomi habari za mifupa, nawaza alama. Darasani niliacha kuuliza nisichokielewa, kwa kuwa shida yangu ilikuwa kujua kitakachotoka kwenye mtihani, basi. Chakula kikawa hakishuki. Ikafika mahali naliogopa lile turubai kama vile chini yake kuna maiti.

Siku ya mtihani wa mdomo profesa alinipa mfupa mmoja akaniuliza ni upi. Ulikuwa mfupa wa mkono, ule wa juu ya kiwiko. Mtoto mdogo angeweza kuuonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Mimi niliutazama, nikaona turubai la bluu. Profesa alisubiri, akauliza tena kwa upole, na upole wake ukanitisha zaidi. Nikaugeuza geuza ule mfupa. Mwishowe akaniambia niende, nami nikatoka nao mkononi.

Sikurudi Buyenzi. Ningeupitaje ule mlango? Nilipanda basi la Gatumba, kule mpakani, nia yangu nivuke mpaka niingie Uvira, nipotelee Kongo nisionekane tena. Ndiyo, mwanangu, kwa ajili ya mtihani mmoja. Nilishuka njiani, Kajaga, nikakaa ufukweni mwa ziwa karibu na kina mama waliokuwa wakianika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mmoja aliniuliza kama nimefiwa, nikageuza uso. Nilipojiambia nisimame nipande basi jingine, mwili ulikataa. Nilipojiambia nirudi nyumbani, ulikataa pia.

Nilikaa hivyo mpaka niliposikia pikipiki ikija kwa kasi kwenye mchanga. Ilikuwa ile ile. Imejaa vumbi, kioo kimoja kimevunjika, na juu yake yuko baba mdogo na ovaroli yake ya gereji. Mwenzangu wa darasa alikuwa amempelekea habari kwamba nimepanda basi la mpakani nikilia, na kondakta wa basi lile akamwonyesha niliposhukia. Nilijua atanipiga tu, nikajifunika kichwa kwa mikono.

Hakunipiga. Alikaa mchangani kando yangu.

"We mutoto," alisema, "ulikuwa unaenda wapi?"

"Uvira, baba. Nimeanguka mu mtihani."

"Apana. Sikiliza. Mi ndiye nilianguka. Baba yako aliniachia we, na kila siku mi naogopa: huyu akishindwa, nitamwambia nini marehemu? Nikaona niweke piki pale, utakimbia mbio. Kumbe ile woga ilikuwa yangu, mi nikakubebesha we."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo mbele ya kijana. Nilimlilia begani, na kina mama wa ndagala wakageuka kutazama kando. Tulirudi wawili juu ya pikipiki ile. Majirani walipouliza, "Imetoka?" akawajibu, "Imetoka, ni ya gereji," akaingia ndani. Turubai alilitandika chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, likajaa grisi.

Nilirudia mtihani katika awamu ya pili. Hofu haikuisha yote, lakini safari hii profesa aliponipa mfupa niliuona mfupa. Nilipita kwa alama za kawaida tu, na ndivyo nilivyokuja kuwa daktari.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nimekusikia bafuni ukitapika kabla ya kwenda chuoni, na najua baba yako ameifungia kabatini kompyuta mpya mpaka upite kwa alama za juu. Nimeogopa, mwanangu, hofu ile ile ya Kajaga. Sikatai fedha. Buruse ya serikali, ile fedha ya masomo, ndiyo iliyoninunulia viatu, na mwenye njaa hawezi kusoma. Msaada upokee, ukusaidie kusoma, ila usikubali uwe bei yako. Soma kwa ajili ya mtu atakayekujia siku moja akihitaji unachokijua. Ukiogopa, sema, hata kama unayemwambia ndiye anayekuogopesha. Na ukianguka, njoo nyumbani kwanza. Usiende popote kabla hujafika nyumbani.

Baba yako nimemweleza. Tumegombana kidogo, kisha akanipa ufunguo. Kompyuta iko kitandani kwako. Mtihani wako ni Jumatatu, na hata ukitoka na sifuri, ni yako. Mwenyezi Mungu akutulize moyo, akufungue akili, na popote utakapokwenda akurudishe kwetu salama. Amina.