Nilivyoliteremsha Gari la Mwenda

Sisi tuliokulia Kanyakine wakati magari yalikuwa machache, hatukuhitaji kuchungulia barabarani kujua nani anapita. Gari la mwalimu mkuu lilikohoa. Lori la kahawa lilitetemesha vikombe kabatini. Pikapu ya baba yangu ilivuma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya mtungi, na ikisikika ikipanda kutoka mtoni, sisi tulikuwa tumeshaacha mpira wa kati, tumeshaacha mapishi ya kalongolongo, tumeshaacha hata viazi vitamu kwenye majivu, tunakimbilia langoni miguu mitupu. Aliyejikwaa alitemea kidonda mate akaendelea na mbio. Siku hizi mtoto akikwaruzwa goti, familia nzima inaenda hospitali na picha zinatumwa kwa shangazi.

Vitu vya kuchezea tulijitengenezea wenyewe. Gari la maana lilikuwa la waya, lenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya rangi ya viatu. Aliyekosa waya alitoboa mtungi wa mafuta ya kupikia, na tairi akazikata kwenye slipa za mpira za mtu aliyekuwa bado anazivaa. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na slipa moja isiyo na mwenzake, na kila mama alikuwa na fimbo karibu na mlango.

Nayakumbuka haya kwa sababu likizo hii kijana wangu Mutugi, mwenye miaka kumi na mitano, amegeuza meza yetu ya kulia hapa mtaa wa Majimbo, mjini Embu, kuwa gereji. Aliagiza kwa simu gari la plastiki la kuunganisha, mfano mdogo wa gari halisi, likaja ndani ya boksi likiwa vipande vipande. Badala ya kuliunda kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, alikata vishikio vya magurudumu, akasugua matao ya tairi kwa tupa yangu ya kucha, akagandisha kila kitu upya mpaka tumbo la gari likakaribia kugusa meza. Kazi safi, sitamnyima haki yake. Lakini nilipoinama kulitazama, swali likanitoka lenyewe.

"Limebeba nini?"

"Haijabeba kitu, Mum. Imeslamiwa tu, imeshushwa chini. Gari ikikaa juu inakaa kama ya mwalimu."

Baba yake, ambaye ni mwalimu, aligeuza ukurasa wa gazeti.

Nilivuta kiti nikamwambia kijana asijidhani ameanzisha jambo. Gari la kwanza la plastiki kuteremshwa kule kwetu liliteremshwa na mama yake, bila gundi ya dukani wala video ya kufuatisha, nikiwa na miaka tisa. Na mimi nililiteremsha kwa sababu.

Baba alikuwa mchuuzi wa ndizi. Katikati ya wiki alizunguka mashambani akinunua mikungu, Ijumaa jioni tukampangia kwenye pikapu, mikungu mikubwa chini na midogo juu, majani makavu katikati ili ndizi zisichubuke. Jumamosi alfajiri aliondoka kwenda soko la Embu. Kila Jumamosi kiti cha mbele kilikuwa cha kaka yangu Mwenda. Hakuna aliyekaa chini akaamua hivyo. Mwenda alikuwa mvulana, na gari, kwa maneno ya baba, "si kitu ya wasichana." Mimi nilibaki na mama, nikafua, nikachota maji, nikapika uji wa wimbi, na siku nzima roho yangu ilikuwa kwenye kile kiti. Nilikitaka kuliko viatu vipya. Mwenda alirudi jioni na mkate, akatusimulia habari za mji, na nikawa ninamchukia kidogo mpaka nipewe kipande changu.

Nilijaribu kuomba. Baba alinitazama kama mtu aliyeombwa pembe za kuku. "Wewe utafanya nini kwa gari?" akauliza. Nikarudi jikoni, kwa sababu jibu la kweli, kwamba nataka tu kukaa na kutazama, halikuwa jibu la kumpa mzee wa wakati ule.

Basi ikatokea shangazi yetu, dada yake baba aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba Nairobi, akamletea Mwenda gari la plastiki ambalo watoto wa tajiri wake walikuwa wamelichoka. Lilikuwa pikapu ya buluu, mfano wa gari la kweli, na milango yake na taa zake na hata kijitundu cha ufunguo. Kijiji kizima cha watoto kilihamia kwetu. Wavulana walilizunguka wakilishika kwa zamu, mikono wamekwisha kuifuta kwenye kaptura. Lakini baada ya siku mbili shangwe ilipungua, na kila mmoja akahisi kuna kasoro asiyoweza kuitaja. Halikufanana na gari. Mmoja akasema linakosa matope, wakalipaka matope. Mwingine akasema linakosa namba, wakaliandikia namba kwa makaa. Bado.

Mimi nilikuwa ninaosha sufuria hapo kando. Nikasema, "Liko juu sana nyuma. Hilo gari halijabeba kitu."

Wakainama kulitazama, na ilikuwa kweli. Lile gari lilisimama kama kuku anayevuka tope. Magari tuliyoyajua sisi yalikaa chini nyuma. Lililotoka na ndizi, lililotoka na kahawa, lililotoka na mawe ya kujengea kanisa, yote yalikuwa yamebonyea. Gari lililoinuka nyuma lilikuwa la mtu aliyekosa kazi siku hiyo, na watu walimpa pole. Nani angetaka kuchezea gari la kupewa pole?

Mwenda akaniuliza kama ninaweza kulirekebisha. Nikasema naweza. Sikuwa nimewahi, lakini mtoto akiulizwa kitu kama hicho mbele ya wavulana sita, hasemi hajui. Mwenda akaweka sharti lake: nikiliharibu, nitamchotea maji yake mpaka Krismasi. Nikakubali.

Siku za soko nilikuwa nimemtazama fundi wa mabeseni na mitungi akifanya kazi, jinsi alivyopasha chuma moto na kuyeyusha kipande cha plastiki ya zamani juu ya ufa. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaichomeka kwenye makaa ya mama mpaka ncha ikawa nyekundu. Waya uliobeba magurudumu ya nyuma ulipita kwenye matundu mawili, moja kila upande. Ilibidi nitoboe mengine juu yake, ili waya ukipanda, gari lishuke. Plastiki ilipoguswa ilitoa moshi wenye harufu mbaya, na Mwenda aliyekuwa ameshika mwili wa gari akafumba macho kama anayedungwa sindano.

Tundu la kwanza lilikaa sawa. La pili nilikosea, likapanda zaidi, na tulipolisimamisha gari likainama upande mmoja kama lori lililovunjika springi. Wavulana wakacheka mpaka wakalala kwenye nyasi. Mwenda hakucheka. Nikakumbuka maji ya mpaka Krismasi, na zaidi ya hapo nikakumbuka kwamba baba angerudi na kupata gari la mwanawe limechomwa na yule yule aliyeambiwa gari si kitu yake. Kiti kingekwisha, na kingekwisha milele.

Kulikuwa na beseni jekundu lililopasuka, mama alilitumia kulishia kuku. Nikakata ukanda mdogo pembeni, nikauyeyusha juu ya tundu lile baya mpaka likaziba, nikasubiri lipoe huku kuku wakinilaumu, kisha nikatoboa tena polepole, safari hii nikiwa nimepima kwa kijiti. Magurudumu yakagusa matao, nikayachonga kwa kisu cha moto. Tukaliweka chini. Nyuma lilikuwa limeketi, mbele limeinua pua kidogo tu. Halafu Mwenda akachuma vindizi vichanga vya mgomba, akavipanga nyuma, vikubwa chini na vidogo juu.

Jumapili baada ya kanisa baba alikuwa na kawaida ya kuizunguka pikapu yake akipiga tairi kwa kisigino. Mwenda alikuwa ameegesha lile dogo kando ya gurudumu la nyuma la lile kubwa. Baba akasimama. Akachuchumaa na suti yake ya kanisani, jambo ambalo mama hakulipenda.

"Nani amekata hii?"

Nilimtazama Mwenda. Angeweza kusema ni yeye, na wavulana wote wangemuunga mkono.

"Ni Kinya," akasema.

Baba akanigeukia. "Kwa nini umeshusha nyuma peke yake?"

"Kwa sababu ndizi ziko nyuma, baba."

"Na mbele? Mbona umeinua?"

"Sijainua. Inajiinua. Ukitoka asubuhi na mzigo, taa zinamulika juu ya miparachichi. Ukirudi jioni bila mzigo, zinamulika chini barabarani."

Alibaki amechuchumaa. Alilishika lile gari, akaliinua, akatazama tumboni, akapitisha kidole kwenye kovu jekundu la beseni. Akalirudisha pale pale lilipokuwa. Kisha akainuka, akakung'uta goti, akasema maneno ambayo nikiyakumbuka leo bado ninasikia joto usoni.

"Jumamosi uamke mapema."

Basi. Akaingia ndani kula. Hakusema nimefanya vizuri. Wazazi wetu hawakuwa na hayo. Sifa yako ulisikia kwa jirani, kwamba baba yako alisema hivi na vile kwenye mkutano wa kahawa wewe ukiwa shuleni. Na ukibahatika kupita wakati wanakusifu, ulitakiwa kujifanya husikii, upite na kuni zako kama kiziwi. Mimi nilitega masikio miaka mingi, kwa majirani, kwa wanawake wa kanisa, hata kwa shangazi. Kuhusu lile gari sikusikia kitu.

Lakini kiti nilikipata. Jumamosi ile nilikalia kile kitambaa kilichochanika, miguu haifiki chini, na ndizi zikatusukuma kwa nyuma kila tulipofunga breki. Nilifika Embu nikiwa na shingo inayouma kwa kutazama huku na huku. Toka siku hiyo tulikwenda kwa zamu, mimi na Mwenda, na baadaye nikawa ninakwenda mimi tu. Miaka mingi ilipita kabla Mwenda hajaniambia kwamba kila Jumamosi alikuwa akitapika njiani, mara mbili mara tatu, na akaona haya kusema kwa sababu yeye ni mvulana. Siku aliyonitaja mbele ya baba alikuwa anajiokoa. Tulicheka sana, lakini ninamshukuru vile vile.

Mutugi alinisikiliza mpaka mwisho, nikaona ameguswa. Halafu akauliza kama nililipiga picha lile gari. Picha! Nikamwambia picha ya wakati ule ilipigwa mtu akioa au akifa.

Sasa niwaulize ninyi wa rika langu. Je, watoto wetu wamekosa nini, ilhali wamepata vyote? Ninamsifu Mutugi akimaliza uji. Ninamsifu akiamka. Nilimsifu kwa lile gari lake la kukaa chini, na akasema "thenksi" bila kuinua kichwa, kama mtu anayerudishiwa chenji. Sisi tulishinda na njaa ya neno moja, na sitaki kusema njaa ile ilikuwa nzuri, kwa sababu haikuwa. Ila ilitufanya tutazame kwa makini, tukitafuta pa kulipatia.

Wiki moja baada ya mazungumzo hayo tulikwenda Kanyakine kumchukua baba, aje Embu kuonwa macho. Pikapu aliiuza zamani, na sasa hawezi kuendesha hata baiskeli. Mutugi aliwahi kiti cha mbele kwa sababu waya wa kuchajia simu uko mbele. Nikataka kumhamisha. Baba akakataa, akajipakia nyuma na fimbo yake.

"Mwache akae. Mimi hiyo barabara nimeiona ya kutosha."

Kijana akaziba masikio na vile vidude vyake, akainamia simu. Tukapita Chuka hajainua uso. Baba naye nilidhani amesinzia. Baada ya Runyenjes tukakuta lori limejaa mchanga likipanda mlima taratibu, na nyuma yetu mtu akaanza kupiga honi nilipite. Sikulipita. Nilishusha gia nikalifuata polepole, kwa sababu kona ya mbele haionyeshi kinachokuja.

Ndipo fimbo ya baba ikatokea katikati ya viti, ikamgonga Mutugi begani.

"Toa hizo vitu kwa masikio," akamwambia. "Angalia mama yako vile anashika hii mlima. Huyu anajua gari. Akiwa mdogo hivi alijua, mimi nikaona. Nimeona dereva wengi, na hakuna mmoja alijua kama yeye."

Alisema kama kwamba mimi simo ndani ya gari. Mutugi akatoa kimoja sikioni, akanitazama. Mimi nikakaza macho kwenye lori, nikajifanya sikusikia.